Dakika Moja ya Kutaja Wanyama: Mwongozo Kamili wa Kumchunguza Mzee Anayeanza Kusahau

Jaribio ni rahisi: mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Lakini karatasi nyingi za jaribio hili zinazoambatana na wagonjwa wa rufaa hazimsaidii anayezipokea. Imeandikwa "wanyama 6", sahihi na tarehe, basi. Haijulikani mzee aliulizwa kwa lugha gani, kama aliambiwa kuwa ndege na samaki wamo, wala kama mkwewe alikuwa pembeni akimnong'oneza. Namba ya namna hiyo inaweza kumpa mzee mzima jina la ugonjwa asionao, au kumrudisha nyumbani mgonjwa ambaye angesaidiwa.

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeko zahanati au kituo cha afya, kuanzia Kakonko na Kasulu mkoani Kigoma mpaka Urambo na Sikonge mkoani Tabora. Jaribio lenyewe ni la sekunde 60. Linaharibika kabla ya sekunde ya kwanza, au baada ya ile ya mwisho.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: jaribio hili halisemi kwamba mtu ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoua kumbukumbu polepole. Linasema kama kuna sababu ya kuendelea kumchunguza.

## Kinachopimwa

Ili ataje wanyama upesi, mtu anahitaji vitu viwili: ghala la majina na maana zake, na nguvu ya kulipekua ghala hilo bila kurudia alikokwisha kupita. Ugonjwa wa Alzheimer hudhoofisha kumbukumbu mapema, na taratibu hulila ghala lenyewe. Ndiyo maana mgonjwa huanza na ng'ombe, mbuzi, kuku, kisha anakwama, anarudi kwa ng'ombe, na wala hajui kwamba amerudi.

Kuna namna mbili za jaribio. Ya kwanza ni kutaja vitu vya kundi moja, kama wanyama. Ya pili ni kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani. Katika Alzheimer, kwa kawaida kundi huanguka zaidi kuliko herufi. Pale ubongo wa mbele au mishipa ya damu ya ubongo ilipoharibika, herufi nayo huanguka, mara nyingine kuliko kundi.

## Andaa kwanza

- Simu au saa inayohesabu sekunde. Ikiwa ni simu, zima laini kwa muda huo, maana simu ikiita katikati jaribio limekufa.
- Karatasi moja uliyoigawa safu nne: sekunde 1–15, 16–30, 31–45 na 46–60.
- Kalamu mbili zinazoandika.
- Chumba kimya, viti vitatu.
- Miwani na kifaa cha kusikia cha mzee, kama anavyo.
- Mtu anayeishi naye kila siku. Mtoto aliyekuja kutoka Dar es Salaam kwa treni juzi hajui mama yake anavyopika siku hizi.
- Nusu saa. Dakika moja ni ya jaribio. Iliyobaki ni ya kulifanya liwe na maana.

## Hatua ya 1: Hakikisha leo ni siku ya kupima

Mzee mwenye homa, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka hawezi kutaja wanyama vizuri, na hilo halihusiani na Alzheimer. Pima joto, presha, sukari na malaria kwanza.

Muulize anayeishi naye swali hili: "Hali hii ilianza lini?" Alzheimer huja kwa miezi na miaka. Ikiwa jibu ni "tangu juzi" au "tangu wiki iliyopita", weka karatasi pembeni. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura, na chanzo chake kinatafutwa siku hiyohiyo.

Umakini upime kwa kumwomba ataje siku za wiki kinyumenyume. Tahadhari hapa: kuanzia Jumamosi hadi Jumatano, siku zetu ni hesabu ya moja hadi tano, kwa hiyo kipande hicho ni chepesi. Mwanzishe kwenye Jumamosi: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, akiendelea kurudi nyuma. Akishindwa hata kushika alichoulizwa, akawa anasinzia au macho yanazurura, shuku kuchanganyikiwa kwa ghafla na usiendelee.

Mtume hospitali bila kusubiri jaribio lolote ikiwa ana udhaifu wa upande mmoja, degedege lililoanza karibuni, kichwa kinachouma upya, au aliwahi kuanguka wiki kadhaa zilizopita. Kwa mzee, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu baada ya kuanguka hata kidogo tu kwenye bodaboda, na kinachoonekana nje kikawa ni kusahau.

Angalia na dawa. Diazepamu, amitriptailini, benzheksoli na piritoni zote huzubaisha ubongo wa mzee. Ulizia gongo, wanzuki na dawa za kienyeji, kwa sauti ile ile ya kuulizia chakula.

Mpime asubuhi, akiwa amekula. Mwezi wa Ramadhani usimpime alasiri akiwa amefunga. Pale Ujiji peke yake kosa hili linaweza kukuharibia karatasi za mwezi mzima.

Imefanikiwa kama: mzee yuko macho, hana homa, anafuata mazungumzo, na hali yake ina miezi tangu ianze.

## Hatua ya 2: Chagua lugha, na sema kundi lote

Hapa ndipo alama nyingi hupotea.

Mzee wa Heru Juu aliyekua kwa Kiha, au wa Sikonge aliyekua kwa Kinyamwezi, anaweza kuzungumza Kiswahili kizuri cha sokoni na bado akahifadhi wanyama wa porini kwa lugha ya nyumbani kwao. Ukimpima kwa Kiswahili pekee unapima Kiswahili chake. Muulize: "Ukiota ndoto, unaota kwa lugha gani? Ukihesabu fedha je?" Kisha mruhusu achanganye lugha apendavyo.

Kama huijui lugha yake, tafuta mkalimani asiye ndugu yake. Mkalimani ana kazi moja: kukuambia kilichosemwa. Asimtafsirie mzee kimya, asimsaidie, asisahihishe. Hili ni muhimu zaidi ukiwapima wakimbizi wa Nyarugusu, ambako Kirundi na Kiswahili cha Kongo vyote vipo.

Sasa neno "mnyama". Katika Kiswahili cha kila siku, kuku ni ndege, dagaa ni samaki, nyuki ni mdudu, na mnyama ni yule mwenye miguu minne. Kwa Kiingereza, lugha ambayo mengi ya majaribio haya yalitungwa, neno lao hubeba wote. Ukisema "nitajie wanyama" ukaishia hapo, mzee mtiifu ataacha ndege, samaki na wadudu wote kwa sababu ameelewa Kiswahili sawasawa. Adhabu ya alama itamwangukia yule anayejua lugha vizuri.

Mfikirie mvuvi wa Kibirizi. Akidhani ni wa miguu minne tu, atakupa sita au saba. Akijua samaki wamo, atakumiminia dagaa, mgebuka, sangala, kuhe, kisha korongo na mwewe, halafu mamba na kiboko. Ni mtu yule yule na ubongo ule ule. Kilichobadilika ni sentensi yako.

Imefanikiwa kama: umeandika juu ya karatasi lugha iliyotumika, na mzee anaweza kukuambia kwa maneno yake kwamba ndege, samaki na wadudu wanaruhusiwa.

## Hatua ya 3: Panga mahali

Usimpime barazani. Kuku wakipita, mbuzi akilia, ng'ombe wakirudi kutoka machungani, mzee anasoma majibu uani. Ndani nako angalia kuta: kalenda zenye picha za sokwe na tembo, mabango ya chanjo ya mifugo, kitambaa cha meza chenye jogoo. Ondoa, au geuza kiti.

Msindikizaji akae nyuma ya mzee, mzee asimwone uso. Mwambie kabla: "Tafadhali usimsaidie hata kidogo. Ukimsaidia tutakosa kumsaidia." Wanaonong'oneza hufanya hivyo kwa upendo na kwa aibu, hawataki mama aonekane ameshindwa. Waeleze kwa upole, wataelewa.

Wewe kaa mbele yake, mwanga ukikuangukia usoni ili aone midomo yako. Pima usikivu: simama hatua moja nyuma yake, nong'ona namba tatu, arudie. Asiposikia, sogea upande wa sikio zuri, sema polepole kwa sauti nzito. Usipige kelele.

## Hatua ya 4: Salamu, ridhaa na maelekezo

Anza na shikamoo, na ukiweza "mwakeye" kwa Muha au "mwangaluka" kwa Mnyamwezi. Mzee aliyesalimiwa vizuri anaacha kuogopa, na woga hula alama. Mwombe ridhaa mwenyewe, si mtoto wake peke yake.

Kisha sema maneno haya, na uyaseme yale yale kwa kila mtu:

"Bibi, nitakuomba unitajie majina ya wanyama wengi kadiri unavyoweza, upesi upesi. Wa nyumbani, wa porini, ndege, samaki, wadudu, wote nawataka. Lugha yoyote ni sawa. Tuna dakika moja. Nikisema 'haya' unaanza, na mimi nitakuambia tukimaliza."

Mfanyishe zoezi dogo kwa kundi lingine: "Tungekuwa tunataja nguo, ningesema kanga, shati, kanzu. Niongezee mbili." Akisema kitenge na gauni, ameelewa. Akishindwa, rudia mara moja kwa maneno mengine.

Onyo: usitoe mfano wa mnyama. Ukisema "kwa mfano ng'ombe", umempa jibu la kwanza na umemfungia kwenye zizi. Wengi watabaki na mifugo dakika nzima.

Onyo la pili ni kwa wanaosema "tutacheza mchezo kidogo". Wazee wengi huona wanafanywa watoto, wakajibu kwa kujilazimisha. Mwambie ukweli, kwamba ni kipimo cha kumbukumbu, kama vile presha ilivyo kipimo cha damu.

## Hatua ya 5: Dakika moja yenyewe

Sema "haya" na uwashe saa papo hapo.

Andika kila neno kwa mpangilio lilivyotoka: sahihi, la kurudia, la ajabu, yote. Kila sekunde 15 hamia safu inayofuata. Usihesabu wakati anasema, utapoteza maneno.

Kufupisha ni lazima, na Kiswahili kina mtego hapa. Mbuzi, mbwa, mbweha, mbuni, mbogo, mbu na mbung'o wote huanza na "mb". Nyani, nyati, nyoka, nyumbu na nyuki wote huanza na "ny". Ukiandika herufi mbili za mwanzo, baada ya dakika hutajua "mb" tano ni akina nani na yupi alirudiwa. Andika mkia wa neno: "uzi" kwa mbuzi, "wa" kwa mbwa, "eha" kwa mbweha, "umbu" kwa nyumbu. Ukiwa na ridhaa ya kurekodi sauti kwa simu, rekodi, na uifute ukimaliza kunakili.

Unaruhusiwa kusema maneno mawili tu. Akinyamaza sekunde 15: "Na wengine?" Akisema amemaliza kabla ya muda: "Muda bado upo, endelea." Andika mahali uliposema.

Usiseme "na wa porini je?" wala "majini hakuna?" Mgonjwa wa Alzheimer mara nyingi hupotea kwenye kuhama kutoka zizini kwenda porini na kutoka porini kwenda ziwani. Ukimvusha wewe, umefuta dalili uliyokuwa unaitafuta.

Uso wako pia unaongea. Usitikise kichwa, usicheke, usiseme "vizuri sana" kwa jibu moja ukanyamazia lingine. Ikifika sekunde 60 sema "ahsante, tumemaliza", hata kama yuko katikati. Neno alilokwisha kulianza mhesabie.

Imefanikiwa kama: mtu mwingine akiichukua karatasi yako anaweza kuisoma dakika nzima, pamoja na ukimya wake.

## Hatua ya 6: Kuhesabu

Hesabu mzee akishatoka, au ukiwa umeigeuza karatasi asione. Ukitumia fomu maalumu yenye kanuni zake, fuata kanuni za fomu hiyo. Kama huna, tumia hizi, na usizibadilishe kati ya mgonjwa na mgonjwa:

1. Kila aina ya kiumbe, alama moja. Punda na punda milia ni wawili. Nyani na sokwe ni wawili.
2. Kurudia hakuhesabiwi. Weka R pembeni, kwa kuwa idadi ya R utaihitaji.
3. Kiumbe kimoja kwa lugha mbili ni kimoja. "Ng'ombe" na baadaye "inka" ni alama moja, na hiyo ya pili si R ya ugonjwa, iandike L.
4. Majina mawili ya kiumbe kimoja, kama nyati na mbogo au mbung'o na ndorobo, ni alama moja.
5. Jina la kundi, kama "ndege" au "samaki", lihesabu iwapo tu hakutaja aina yoyote ya kundi hilo. Akisema ndege, kisha njiwa na kunguru, ondoa "ndege".
6. Dume, jike na mtoto wa aina moja ni mmoja: kuku, jogoo na kifaranga ni alama moja.
7. Kisicho kiumbe wa kundi hili, mathalani "mhogo", weka X.
8. Kueleza bila jina, kama "yule mwenye shingo ndefu", hakuna alama, lakini andika maneno yenyewe. Anayejua umbo na kukosa jina amekupa taarifa kubwa.

Tazama karatasi hii ya mfano:

Sekunde 1–15: ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, kuku
Sekunde 16–30: paka, ng'ombe
Sekunde 31–45: ("Na wengine?") mbuzi, mhogo
Sekunde 46–60: "yule anayepanda miti", simba

Aliyehesabu haraka ataandika kumi. Ondoa ng'ombe wa pili (R), mbuzi wa pili (R) na mhogo (X). Maelezo ya anayepanda miti hayana alama. Inabaki 7: ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, kuku, paka, simba. Andika: Alama 7, R 2, X 1, safu 5-1-0-1.

Mtiririko wa safu una habari. Karibu kila mtu hutoa mengi sekunde 15 za kwanza, kisha hupungua. Mzima hupungua na kuendelea kuchota kidogo kidogo: 6-4-3-2. Mgonjwa hukauka. Mwenye sonona mara nyingi huanza taratibu, huacha mapema na kusema "sijui", lakini ukimpa muda harudii wala haingizi mhogo.

## Hatua ya 7: Kusoma alama

Hapa watu huchukua namba kutoka nchi nyingine na kuibandika kwa bibi wa Buhigwe. Kwa waliosoma, vitabu vingi huweka mpaka kwenye 14 au 15. Ukiutumia huo, wazee wengi wazima wasiokwenda shule utawaita wagonjwa.

Shule huongeza alama. Umri mkubwa huipunguza. Nchini Brazili, ambako nako wazee wengi hawakusoma, watafiti walipendekeza mpaka wa 9 kwa wenye chini ya miaka 8 ya shule, na 13 kwa waliosoma miaka 8 na kuendelea. Huo unatufaa zaidi kama kipimo cha kukadiria.

Karibu zaidi na kwetu kuna kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa kazi iliyofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Nigeria, kwa kuwafikiria watu wasiojua kusoma. Ndani yake wanyama 0–3 hupewa alama 0, 4–7 alama 1, na 8 au zaidi alama 2. Kuna pia kukumbuka orodha ya maneno baada ya muda, kueleza daraja ni nini, kupanga njiti za kiberiti na maswali ya kujua mahali na wakati. Jumla ni 15: 7 kushuka chini huashiria demensia (kudhoofika kwa akili kunakovuruga maisha ya kila siku, Alzheimer ikiwa chanzo kimojawapo), 8–9 ni ya mashaka, 10 na kuendelea ni salama kwa wakati huo. Ukiweza kufanya IDEA nzima, fanya. Wanyama peke yao ni kipande kimoja tu.

Kwa mzee asiyesoma, basi, soma hivi: akifika 9 au kuzidi na hana R nyingi, jaribio halijaonyesha tatizo. Akipata 8, mashaka. Angalia mtiririko na habari za nyumbani. Akipata 7 kushuka chini, endelea na hatua zote zinazofuata bila kukosa. R tatu au zaidi zichukulie kwa uzito hata kama alama imepita.

Mwalimu mstaafu ni kinyume chake. Akipata 11, wengi wangemwambia yu mzima. Kwa mtu aliyesoma kiasi hicho na kufundisha miaka mingi, 11 ni ndogo, na familia ikisema amebadilika, iamini familia.

## Jaribio la herufi: lini, na kwa herufi gani

Lifanye kwa aliyesoma tu. Kwa asiyejua herufi ni mateso yasiyo na faida.

Herufi F, A na S zinazotumika kwa Kiingereza usizihamishe kama zilivyo. Kiswahili hubandika viambishi mbele ya maneno, na mwenye akili atapita mlango huo: ukimpa K, atasema kula, kulala, kulima, kucheza bila kikomo, ukimpa N, ninakula, ninalala, A, anakula, analala, ukimpa M au W, ngeli nzima ya watu inamfungukia. Hapo humpimi kupekua maneno, unapima sarufi.

B na D ni salama zaidi, maana hazibebi viambishi vya nafsi. Sema sauti badala ya jina la herufi: "maneno yanayoanza na b, kama vile bahasha". Kataza majina ya watu na miji, na maneno ya mzizi mmoja: beba, bebea na bebana ni alama moja. Dakika moja kwa kila herufi.

Matokeo ya herufi usiyawekee mpaka. Yalinganishe na wanyama wa mtu huyo huyo. Wanyama wachache na herufi nzuri huelekeza kwenye Alzheimer. Vyote viwili vikiwa chini, na ana presha ya muda mrefu au kiharusi, fikiria mishipa ya ubongo. Ikiwa kiharusi kilimharibia usemi, jaribio hili halimfai kabisa, usimpime nalo.

## Hatua ya 8: Uliza nyumbani, tafuta vinavyotibika

Alama ndogo bila mabadiliko ya maisha si demensia. Kaa na anayeishi naye, mzee akiwa mahali pengine, na uulize vitu vya kushikika: anarudia swali lile lile ndani ya saa moja? Amewahi kupotea njia ya shambani aliyoipita miaka yote? Chenji sokoni anajua? Ameacha sufuria ikaungua mara ngapi mwezi huu? Hali hiyo ina miezi sita au zaidi? Anayesahau jina na kulikumbuka jioni ni mzee wa kawaida. Anayesahau kwamba alikuwa na mgeni kutwa nzima si wa kawaida.

Usikubali jibu la "ni uzee tu". Utafiti wa Hai ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea. Maana yake ni kwamba wazee walio wengi hawana.

Kisha vipimo: wingi wa damu, sukari, VVU, kaswende, na pale vinapopatikana, tezi ya shingo, vitamini B12, figo na ini. Uliza sonona: usingizi, hamu ya chakula, machozi, kufiwa. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kushusha alama, na kila kimoja kina matibabu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na dakika moja ya wanyama.

## Hatua ya 9: Namna ya kusema, na rufaa

Chagua maneno kwa uangalifu mkubwa. Kanda yetu na zile za jirani zina historia chungu ya wazee, hasa wanawake, kusingiziwa uchawi kwa sababu ya tabia zilizobadilika au macho mekundu. Bibi anayezungukazunguka usiku asijue kwake ni wapi yuko hatarini kwa majirani, si kwa kusahau peke yake. Usiseme "amerukwa na akili" wala "amerudia utoto". Sema mbele ya familia, kwa sauti ya kusikika: "Kumbukumbu ya bibi imedhoofika. Inaweza kuwa ni ugonjwa wa ubongo, kama vile presha ni ugonjwa wa mishipa. Hajafanya kosa, na hakuna aliyemtenda. Tunamtuma achunguzwe zaidi." Usitamke Alzheimer kama jambo lililothibitishwa.

Rufaa ya Kigoma huenda hospitali ya Maweni, ya Tabora huenda hospitali ya Kitete. Wakumbushe waende na kitambulisho cha matibabu ya wazee kama mzee ana miaka 60 na kuendelea na hana uwezo wa kulipa, na wabebe dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja.

Ambaye alama yake ni ya mashaka na vipimo vyake ni safi, mpime tena baada ya miezi sita: maneno yale yale ya maelekezo, lugha ile ile, asubuhi. Pungufu ya wanyama mmoja au wawili ni kawaida ya siku na siku. Akishuka kutoka 8 hadi 5, na nyumbani wanasema mambo yamezidi, andika rufaa.

Barua ya rufaa iwe na habari kama hizi, na karatasi ya safu nne uiambatishe:

"Mwanamke, miaka 74. Hakusoma shule. Lugha ya kwanza Kiha. Amepimwa kwa Kiha na Kiswahili, saa tatu asubuhi, amekula. Anasikia mnong'ono. Hana homa, malaria hakuna, sukari na presha kawaida. Siku za wiki kinyumenyume: ameweza. Wanyama sekunde 60: alama 7, R 2, X 1, safu 5-1-0-1, amekumbushwa mara moja. Binti anayeishi naye: miezi kumi ya kurudia maswali, amepotea njia ya shambani mara mbili, hapiki tena peke yake. Hatumii pombe. Dawa: piritoni kila usiku kwa mwaka mmoja, tumeisimamisha leo. VVU na kaswende: hasi. Tunaomba uchunguzi zaidi wa kumbukumbu. Atapimwa tena hapa baada ya wiki nne za kuacha piritoni."